Unyevu Katika Karavani ya Baba

Rashidiya, Dubai
24 Novemba 2024

Kaka Hazim, shikamoo.

Mama ameamua. Kwa kuwa kila tukipigiana simu tunaishia kukatiana, sasa tuandikiane. Anasema anayeandika hupata nafasi ya kupoa kabla hajatukana. Basi nimekaa na laptop, nimepoa, na sijatukana bado.

Kwanza habari ya Mama. Eda anaikaa vizuri. Anavaa nyeupe zake, wanja hapaki, manukato hagusi, anasoma na kupokea wageni, maana wa Sharjah na Ajman bado wanakuja kutoa pole kama vile Baba kafa jana. Mimi nimehamia hapa tangu siku ya msiba na kifleti changu cha Silicon Oasis nimekifunga. Betty anakuja asubuhi kusaidia usafi na mapishi mpaka nitoke kazini. Karatasi za ukaazi za Mama nimeshaanza kuzihamishia kwangu, kwa hiyo hilo usilitaje tena.

Sasa tuje kwenye mtihani wako. Sijasahau ulivyosema siku ya hitima, mbele ya watu wote: eda ikiisha utakuja kutazama, ukikuta mambo ya nyumba yanakwenda Mama atabaki Dubai, ukikuta hayaendi utamchukua Muscat. Kisha ukaonyesha karavani ya Baba pale uani, ukasema tukishindwa kuitunza hiyo, nyumba nzima tutaiweza wapi? Nilikereka, na mpaka leo nimekereka. Lakini nimekubali, kwa sababu najua Mama hataki kuhama na mimi sitaki ahamishwe.

Karavani haijatoka mwaka huu. Wakati kama huu Baba angekuwa keshaifunga nyuma ya gari lake la Patrol, yeye na Mama wapo zao Al Qudra mchangani mpaka Jumapili. Sasa imesimama tu kando ya ukuta. Jana nilifungua mlango nikapokewa na uvundo. Nimenunua turubai kubwa la plastiki, nimeifunika yote nikaifunga kamba, isiingie vumbi wala umande. Kuna jingine la kufanya?

Nduguyo,
Kawthar


Muscat
27 Novemba 2024

Kawthar mdogo wangu, marahaba.

Liondoe hilo turubai leo. Usingoje wikiendi. Plastiki inazuia maji ya nje yasiingie, na pia inazuia ya ndani yasitoke. Umeifunga karavani kama anayefunga wali wa moto kwenye mfuko, halafu unashangaa imechacha.

Watu hudhani Dubai ni nchi kavu. Kukavu ni mchana. Usiku wa Desemba umande unachuruzika kwenye mabati, na ukija ukungu wa Januari hata ukutani utaona maji. Mimi kazi yangu ni kutunza majengo, unyevu napambana nao kila siku, kwa hiyo nisikilize. Magodoro yasimamishe wima, yasigusane na ukuta. Makabati yote yaache wazi, na droo, na mlango wa friji weka kitambaa usijifunge. Kile kidirisha cha paani kiinue kidogo tu, usiku na mchana. Tangi la maji limwage lote, na mabomba yafungue mpaka yasidondoke hata tone. Kisha nunua vile vikopo vya chumvi vya kuvuta unyevu, vinauzwa kila duka kubwa, uweke kimoja jikoni na kingine kitandani. Baada ya hapo ni kuiacha ipumue.

Sikusema vile siku ya hitima ili kukukomoa. Mama ana miaka sitini na saba. Wewe unatoka asubuhi unarudi magharibi. Wifi yako Aseel ameshamwandalia chumba cha chini, hana ngazi ya kupanda, na wajukuu watamzunguka mchana kutwa. Karavani niliitaja kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza kuharibika nyumba ikikosa mtu wa kuiangalia. Baba aliipenda kuliko gari. Sitaki iozee mikononi mwetu hata mwaka haujafika.

Hazim


Rashidiya
15 Desemba 2024

Kaka Hazim, shikamoo.

Turubai nimelitoa. Magodoro yamesimama, makabati yako wazi, kidirisha kiko wazi, tangi ni tupu. Chumvi nimeweka vikopo vinne badala ya viwili, nisije nikaambiwa nimefanya ubahili. Vyote vimejaa maji. Nimevibadilisha, vimejaa tena.

Na uvundo umezidi. Betty aliingia humo akatoka ameziba pua. "Madam, hii ni panya," akaniambia. "Panya imekufa ndani, mimi najua." Basi Jumamosi yote tumetafuta panya. Tumetoa sufuria, mazulia, viti vya kukunja, kamba za hema, tumevua mpaka vifuniko vya taa. Panya hakuna. Ila tumegundua harufu inatoka upande wa kitandani, kichwani pale alipokuwa akilala Baba, na ukuta hapo umevimba kidogo, ukiubonyeza unaingia.

Mama alitoka akaja mpaka mlangoni mwa karavani. Akasimama akavuta pumzi. Akasema, "Enhe," akarudi zake ndani. Nimemuuliza enhe nini, akanambia chai yangu inapoa.

Nakuandikia ukweli wote ili usije ukasema nilikuficha. Nifanye nini na huo ukuta?

Kawthar


Muscat
18 Desemba 2024

Kawthar,

Ukuta hauvimbi wenyewe. Ama ulipoifunika na plastiki wiki nzima maji yaliingia kwenye mbao, ama umeacha dirisha wazi siku ya mvua. Fikiri vizuri ni lipi.

Mimi nimelala kwenye karavani hiyo na wanangu karibu kila mwaka. Ukifungua mlango ulikuwa unapokewa na udi, tena udi mzuri, watoto walikuwa wakiiita nyumba ya harusi. Miaka yote hiyo haikupata kunuka hata siku moja. Baba kafa, haijapita miezi miwili, inanuka. Nisemeje?

Wiki ya pili ya Januari nimepata ruhusa. Nitakuja na gari, nitaona kwa macho yangu. Usiuguse huo ukuta mpaka nifike.

Hazim


Muscat
13 Januari 2025

Kawthar,

Nimefika nyumbani salama. Barabara ilikuwa na ukungu mpaka mpakani, nilikwenda mwendo wa punda.

Naandika kwa sababu yale tuliyosemeshana uani hayakufaa kusemwa na Mama akiwa dirishani. Kwa sauti niliyokupandishia, nisamehe. Kwa nilichokisema, nimebaki pale pale. Nilitia kidole kwenye ule ukuta kikazama, nilipokitoa kilikuwa cheusi. Mbao imeoza. Siwezi kuona jambo kama lile nikajifanya sikuliona.

Makatoni nimeyaacha stoo. Mama aanze taratibu kwa vyombo asivyovitumia, na eda ikimalizika mwezi wa tatu nitakuja kumchukua. Nilimweleza mwenyewe usiku ule. Alinitilia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Nimechukulia amekubali.

Najua utaumia. Hata mimi naumia. Wewe ni kijana, una kazi yako, una maisha yako. Usiyafanye haya kuwa vita.

Hazim


Rashidiya
27 Januari 2025

Kaka Hazim, shikamoo.

Nimekaa siku nyingi bila kukujibu kwa sababu kila nilichokiandika kilikuwa matusi.

Nilitaka kujua nimekosa wapi. Nikamtafuta fundi Junaid wa Al Quoz, Mpakistani anayetengeneza karavani na mabasi ya kampuni, akaja na gari lake akaivuta mpaka kwenye karakana. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda kusimama naye, nisije nikasimuliwa. Aliufungua ukuta kwa ndani kwenye kile kivimbe. Mbao zote ni nyeusi mpaka kwenye sakafu, zinachambuka kwa vidole. Nikamuuliza, haya ni ya miezi miwili? Akacheka. "Madam, hii kazi ya miaka mingi." Plastiki yangu haikusaidia, lakini si iliyoleta.

Kisha akapanda paani, akanipandisha na mimi na viatu vyangu vya ofisini. Kumbuka Baba alikata paa kuweka ile AC. Pale kwenye kiungo jua limepasua gundi, na umande wa kila usiku unaingilia hapo na kushuka ndani ya ukuta. Sasa sikiliza. Gundi ile si moja. Ni gundi juu ya gundi juu ya gundi. Junaid aliikata kwa kisu akanionyesha matabaka yake. Kuna mtu alikuwa akipanda pale kila mwaka kuziba, na mwaka unaofuata inapasuka, anaziba tena.

Mtu huyo ni nani, Kaka? Nani mwingine alikuwa akiruhusiwa kupanda paa lile?

Baba alijua. Picha nimeziambatisha.

Kawthar


Muscat
29 Januari 2025

Kawthar,

Fundi akitaka kazi hukosi kuambiwa umeozewa. Na wewe ukitaka kujitoa hukosi wa kumtupia lawama, lakini sikutegemea ungemtupia maiti.

Baba alikuwa akisikia harufu ya gesi kabla kengele ya hatari haijalia. Mtu mwenye pua ile angelala miaka na uvundo kichwani pake? Na Mama je, na sisi sote tuliolala humo?

Barua yako nimemtumia Mama, kama ninavyomtumia zote, ili aone unavyomzungumzia mumewe.

Hazim


Muscat
19 Februari 2025

Kawthar mdogo wangu,

Ile barua yangu ya mwisho ningeweza kuirudisha ningeirudisha.

Zile picha sikuzifungua. Nilikuwa na hasira. Jana nimezifungua, nikaona ile gundi ya kahawia. Naijua. Ni ya hapa Muscat, kwenu nadhani haipo. Kila Idi nikija Baba alikuwa akinipigia, "Hazim, niletee ile gundi yako mikebe miwili, ya madirisha." Nikawa naleta. Sikupata kujiuliza ni madirisha gani hayo yasiyokwisha kuzibwa. Mimi natunza majengo, Kawthar. Mtu mwingine angeniambia hivyo ningemuuliza swali la pili pale pale. Kwa Baba nilileta mikebe.

Nadhani alinificha kwa kuwa alijua nitamwambia aiuze. Na kweli ningemwambia. Ningesema imeoza, ina hatari, khalas, uza. Linaniuma kwamba alikuwa akinikwepa.

Kisichoniingia akilini bado ni harufu. Lakini hilo haliondoi ukweli kwamba nimekuonea. Hukuharibu kitu. Umekuta kilichoharibika, ukatafuta sababu mpaka ukaipata, na mimi ningeishia kwenye kidole cheusi. Mtihani niliouweka nimeanguka mwenyewe.

Basi Mama abaki na wewe Dubai. Sitaleta tena habari ya Muscat. Umeshinda, na unastahili.

Kakako,
Hazim


Rashidiya
21 Februari 2025

Kaka Hazim wangu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa ofisini, nikalazimika kwenda chooni kulia. Ukiwa mkali nakuweza, ukiwa mpole hunipi pa kushika.

Tumeshasameheana. Nimemwambia Mama kwamba umekubali abaki. Akaniuliza, "Amekubali?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua mchele. Nadhani furaha imemzidi.

Mimi nitaachia kifleti cha Silicon Oasis mkataba ukiisha, nihamie hapa moja kwa moja. Junaid ameshairudisha karavani uani, anasema ukuta unaweza kujengwa upya, na baridi ijayo nitajifunza kuivuta karavani mwenyewe nimpeleke Mama Al Qudra kama Baba. Nimeshamwambia na hilo.

Wasalimie Aseel na watoto. Ramadhani njema.

Kawthar


Rashidiya
14 Machi 2025, mwezi kumi na nne Ramadhani

Wanangu Hazim na Kawthar,

Assalaam alaykum. Eda nimeimaliza, nimetoka, alhamdulillah. Barua hii nimeiandika kwa mkono. Betty ataipiga picha awapelekee nyote wawili kwa pamoja, asipatikane wa kusema mwenziwe kapewa kwanza.

Barua zenu nimezisoma zote. Hazim kaniletea, na Kawthar alikuwa akiiacha laptop yake wazi, sijui kwa kusahau au kwa kutaka. Mnaandika vizuri. Marehemu angefurahi, ingawa mmemchimbua sana.

Hazim umeuliza habari ya harufu. Ilikuwa ikinuka tangu mwaka wa pili baada ya kukatwa lile paa. Mie nilimwambia baba yenu kitu hichi kinavunda. Akanambia ni hewa ya pwani tu, fukiza udi. Basi kila Alhamisi nikitia makaa kwenye chetezo nikaingia nayo humo, nikafunga mlango mpaka moshi ukolee, na tukitaka kusafiri nikifukiza tena. Yeye akipanda paani alfajiri na mikebe yake nyie mmelala. Alimwogopa Hazim, ndiyo. Alijua mtoto huyu akiona ataiuza. Mlipokuwa mkija mkasema nyumba ya harusi, baba yenu akinitazama akicheka kwa macho, nami nikinyamaza. Ilikuwa siri yetu, na haikuwa mbaya. Kisha akafa, nikakaa eda. Mke wa eda hajitii manukato, nami chetezo niliipandisha kabatini. Kitu kikanuka kama kilivyo. Hakuna aliyekiharibu miezi hii.

Mtasema, mbona hukunena Desemba tukaacha kugombana? Nilikuwa nangoja mtu aniulize. Kawthar uliniuliza enhe nini, lakini hukungoja jawabu, ulikwenda kubadilisha chumvi. Hazim ulizungumza usiku kucha, ukanywa chai vikombe vitatu, ukayaacha makatoni ukaondoka. Mmeandikiana kurasa na kurasa juu yangu. Huyu kasema Mama hataki kuhama, huyu kasema Mama amekubali. Mara ya mwisho mmepatana, mmoja kanishindia na mwingine kanikubalia. Hapana hata mmoja aliyenambia, Mama, wewe unataka kukaa wapi? Liliniuma hilo, wanangu. Nililia nalo siku nyingi kuliko mnavyodhani, na si yote yalikuwa machozi ya msiba.

Sasa nasema, ingawa sijaulizwa.

Karavani sikupata kuipenda. Mchanga kwenye wali, mchanga kwenye kanga, kitanda cha kuvunja kiuno, na choo cha kujikunja. Nilimpenda baba yenu, mchanga sikuupenda. Kawthar usijifunze kuivuta kwa ajili yangu. Fundi Junaid aichukue akatoe mbao na vyuma vinavyomfaa, nami nimeshampigia simu, atakuja Jumatatu. Uani patakuwa na mwangaza.

Muscat siji kukaa. Nitakuja kutembea, na chumba cha Aseel nitalala, namshukuru sana, ni mwanamke mwema. Makatoni mtayakuta yalipo.

Na Kawthar. Mwanangu, wewe ndiye kafeel wangu, mdhamini wangu, sasa kwenye karatasi za serikali, na Mungu akulipe. Ni kwenye karatasi tu. Mie nimeolewa na miaka kumi na saba. Nimetoka mikononi mwa baba yangu nikaingia kwa mama mkwe, nikatoka hapo nikaja huku na mume, nikazaa, nikalea. Maisha yangu yote sijapata kulala nyumba ambayo hamna mtu wa kunisikiliza kama nimeamka. Hata eda hii nilikuwa nikikusikia chumba cha pili umezuia pumzi ili usikie yangu. Najua ni mapenzi. Lakini nataka nijue kukaa peke yangu kukoje. Pengine nitaogopa, pengine nitachoka wiki ya kwanza. Nikishindwa nitasema, na safari hii mtanisikiliza.

Kwa hiyo kile kifleti usikiachie. Baada ya Idi rudi kwako, ufungue madirisha, ulale mpaka mchana upendavyo. Sikufukuzi. Sitaki mtoto wangu azeeke akinichungulia mlangoni. Betty ataendelea kuja asubuhi, na jirani wapo, na simu ninayo.

Hazim njoo na watoto Idi, tule pamoja, tumsomee baba yenu. Kawthar njoo kila Ijumaa, nitapika. Ukifika ubishe hodi, ungoje nije nikufungulie.

Mama yenu,
Masuda